Jumamosi Tunapanda

Jumatatu, 4 Machi

Kwa taarifa ya wote wanaohusika, na wasiohusika pia, ambao kwa kawaida ndio wanaotaka kujua zaidi: kuanzia leo asubuhi mimi, mkazi wa chumba cha mwisho katika bweni la wavulana, naoga kwa nusu ndoo. Uamuzi huu nimeufikia kwa hiari yangu, nikiwa na akili timamu na sabuni machoni. Nusu ya pili itahifadhiwa kwa matumizi yatakayotangazwa baadaye.

Wa kwanza kupewa taarifa ni mwenzangu wa chumba. Chuo kizima kinamwita Spika, kwa sababu neno likimwingia sikioni kwa kunong'onezwa humtoka kinywani likisikika mpaka jikoni. Alikuwa bado amejifunika shuka.

"Nusu ndoo?" akauliza. "Kwa hiyo na uchafu utatoka nusu?"

Nikamweleza kwamba nimesoma makala kwenye simu. Makala inasema mwanafunzi akipunguza maji, akaacha mifuko ya plastiki, na akatoka nje kutazama anga badala ya kukaa ndani kama viatu vya sherehe, dunia itapumua.

"Na wewe utapumua?"

"Mimi napumua."

"Basi pumua ukiwa umegeukia ukutani."

Mifuko ya plastiki nimeitupa yote isipokuwa mmoja. Mageuzi hayaji kwa siku moja. Anga nitaliona kesho.

Jumanne, 5 Machi

Sikuliona. Tulikuwa na jaribio.

Jumatano, 6 Machi

Dirisha letu linatazama mapipa ya taka, ndiyo maana chumba hiki hakigombewi. Lakini mtu anayependa kutazama watu hakosi faida yake. Hapa nimejua nani humwaga chakula kisha akasema ameshiba, na nani huja kukitazama kikimwagwa.

Leo alikuja msichana mmoja wa bweni la pili, wa mwaka wetu, mrefu, mwenye mwendo wa mtu anayejua anakokwenda. Akainama juu ya pipa kama anayechagua nyanya sokoni. Akatoa makopo matupu na pakiti za maziwa, akazikung'uta, akazitia kwenye ndoo yake, akaondoka bila kutazama huku wala huku.

"Mama Kopo amekuja kufanya manunuzi," nikamwambia Spika.

Sikuwa na nia mbaya. Nilikuwa na nia ya kuchekesha, na Spika alicheka mpaka akakaa sakafuni. Jioni, kwenye foleni ya chakula, nikamsikia mtu nisiyemjua hata sura akisema, "Mpisheni Mama Kopo." Msichana akapita, ameshika sahani yake kwa mikono miwili. Jina lilikuwa limefika kabla ya chakula.

Jumatatu, 11 Machi

Mawingu yanakuja kila jioni, yanatutazama, yanaondoka.

Nyuma ya chuo kuna kilima. Wanasema zamani kilikuwa na miti. Sasa kina upara, na njia ya miguu imepita katikati kama mtu aliyejichana nywele asizokuwa nazo. Nimeamua kwamba kule ndiko nitakakoliona anga. Kwenda peke yangu kungeonekana kama nimegombana na watu, kwa hiyo nimewaalika wote. Tangazo liko ubaoni, kwa kalamu nene nyekundu:

JUMAMOSI TUNAPANDA KILIMA. SAA MBILI ASUBUHI. NJOO NA CHAKO.

Kwa "chako" nakusudia mkate na chupa ya chai. Tutafika juu, tutakula, tutatazama mawingu, tutashuka na takataka zetu mfukoni. Makala nzima katika siku moja.

Spika alisimama mbele ya tangazo akijikuna kidevu. "'Njoo na chako.' Chako kipi?"

"Mwenye akili ataelewa," nikasema.

Ni jibu zuri. Nimelirudia kichwani mara kadhaa.

Jumatano, 13 Machi

Tangazo linasomwa sana. Hata Mkuu wa chuo alisimama akalisoma mpaka mwisho, akatikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu aliyepata habari njema iliyochelewa njiani.

Jumamosi, 16 Machi

Haya ni ya kuandikwa haraka, kabla mkono haujakataa.

Nilifika chini ya kilima nikiwa na kofia, miwani ya jua, mkate ndani ya ule mfuko mmoja, na mwavuli endapo mawingu yangeamua. Nikakuta umati. Nikafurahi. Kisha nikaona majembe.

Majembe, sururu, mapanga, ndoo. Mpishi wa bweni alikuwa na koleo lake la makaa. Spika, ambaye hajawahi kuiona asubuhi ya Jumamosi, alikuwa na jembe la kuazima begani. Akanipima kwa macho kuanzia kofia mpaka viatu.

"Chako kiko wapi?" akauliza.

Hapo ndipo lile neno lilipogeuka na kunitazama. Kupanda. Mimi nililiandika kwa miguu, wao wakalisoma kwa mikono. Mtu hupanda ngazi, hupanda mlima, hupanda kitanda akichoka. Hupanda pia mahindi, na akiwa na nguvu hupanda shamba zima. Basi kwa nini asipande kilima? Kile kipara kilikuwa kimengoja miaka mingi mtu akosee namna ile.

Ningesema pale pale. Ilikuwa sentensi moja tu: jamani, nilimaanisha matembezi. Wangecheka, ningecheka nao, mkate ungeliwa. Lakini Mkuu wa chuo alishafika, na mpiga picha nyuma yake, na buti ambazo hazijawahi kukutana na tope. Akanishika mkono mbele ya watu wote.

"Kijana, miaka yote nasema kilima hiki kinatutia aibu, na hakuna anayesikia. Wazo hili ulilipata wapi?"

"Nimekuwa nalo muda mrefu, Mkuu," nikasema.

Mdomo ulisema wenyewe. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nikisikiliza.

Likaja la pili. Majembe yalikuwepo, miche haikuwepo. Kila mmoja alidhani mwenzake ataileta. Watu wakatazamana wao kwa wao, kisha wakanitazama mimi. Mkuu akatazama saa. Nikafungua mwavuli, sijui kwa nini.

Ndipo yule msichana wa makopo akatoka katikati ya watu. Alinitazama kidogo, akautazama mkate wangu zaidi, kisha akawaambia wenzake, "Nifuateni."

Walirudi wakisukuma toroli la jikoni, limejaa miche. Miche minyoofu, yenye kimo cha kutoka kiganja hadi kiwiko, imesimama ndani ya pakiti za maziwa na makopo niliyokuwa nayajua. Niliyaona yakitoka pipani. Wakaenda tena, wakarudi, na bado wenye majembe walikuwa wengi kuliko miche. Msichana akasimama kama anayebishana na mtu asiyeonekana. Akaenda peke yake, akarudi amebeba kreti lililofunikwa kitambaa chenye maji. Alipoliweka chini hakuliachia mara moja.

Asubuhi ile sikusikia mtu akimwita Mama Kopo. Nilitega sikio.

Mkuu akanikabidhi mche wa kwanza niupande mbele ya kamera. Nililishika jembe kama mtu anavyomshika nyoka baada ya kuambiwa kwamba amekufa. Nikachimba, nikatia, nikafukia. Makofi. Nilipoinua kichwa niliwaona wenzangu. Walikuwa wanachana pakiti kwanza, wanautoa mche na udongo wake, ndipo wanapanda. Msichana alikuwa anapita akikusanya pakiti tupu zisibaki kilimani. Yangu haikuwemo.

Mimi, adui wa plastiki, nilikuwa nimezika pakiti ya plastiki mbele ya kamera, na mti ukiwa ndani.

Mvua ilianza tukiwa tunashuka. Watu wakashangilia. Mkate ukalowa.

Jumapili, 17 Machi

Nimekwenda peke yangu kuufukua ule mche. Mizizi imekatika kwa papara zangu. Nimeutia kwenye kopo nililoliokota pipani baada ya kuhakikisha kwamba hakuna mtu dirishani, kisha nikaurudishia udongo. Nimeuficha nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hafiki mtu ila mafundi, nao hawafiki. Ile nusu ndoo ya pili sasa imepata kazi.

Mama amepiga simu. Binamu yangu kamwonyesha picha.

"Mwanangu, kumbe jembe unalijua? Hapa nyumbani kila nikilitaja ulikuwa unaumwa mgongo."

"Nimepona, mama."

"Mungu mkubwa," akasema, na nadhani alikuwa anacheka.

Jumanne, 19 Machi

Mkuu ameniita Bwana Miti mbele ya darasa. Jina limekubalika. Nimegundua kwamba jina zuri usilostahili huwasha kuliko jina baya.

Jumanne, 26 Machi

Nimepata tabia ya kupanda kilima kila asubuhi. Kwa miguu. Siku hizi nafafanua.

Mwanzoni nilikwenda ili nionekane. Sasa nakwenda hata ukungu ukiwa umenificha, jambo linalonitia wasiwasi kuhusu afya yangu. Udongo uliolowa unanukia kama chungu kipya. Ukifika juu unaona moshi wa jiko letu ukilala juu ya bati, hauna haraka ya kwenda popote. Kuna ndege mmoja wa kahawia anayetembea mbele yangu njiani bila kuruka. Amenipima akaona sistahili mbawa. Yale yote ambayo makala iliahidi yapo, tena bure. Ila kila ninapokaa kuyafurahia naona miche imenizunguka, na kila mche unanitazama kama shahidi.

Leo nilimkuta msichana amepiga magoti, anaufungia mche kijiti.

"Habari za asubuhi, dada."

"Nzuri, Bwana Miti." Hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Tumeipanda karibu karibu mno. Imesimama kama watu wanaoogopa giza."

"Ni kosa langu."

"Ni kosa la picha. Mkuu alitaka ijae kwenye picha."

Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akasema kwao. Nyumba ya mama yake imekaa chini ya mteremko uliokatwa miti, na mvua za mwaka jana ziliuteremsha udongo mpaka kizingitini. Mama yake anaishi peke yake pale. Kwa hiyo tangu chuo kifunguliwe ameotesha miche nyuma ya mabafu ya bweni, akainywesha maji ya kusuuzia vyombo. Mingine alikuwa anagawa kwa yeyote anayetaka. Ile ya kwenye kreti ilikuwa ya mteremko. Alikuwa aipeleke mvua ya kwanza ikinyesha.

"Sasa kwa nini uliitoa?"

Alimaliza kwanza kufunga kamba. "Watu walishafika, kaka. Watu wakishafika na majembe yao, unawarudishaje?"

Nikafungua mdomo. Sentensi ilikuwa ni ile ile moja, ila siku hizi imenenepa, haipiti kooni. Kengele ya chai ikalia. Sijawahi kuipenda kengele ile kama leo, wala kujichukia kama nilivyojichukia nikinywa chai hiyo.

Jumatano, 27 Machi

Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Spika anasema inanyesha kwa ajili ya miti yangu. Nikamwambia anyamaze. Akashangaa, kwa kuwa mimi ni mtu wa kujibu, si mtu wa kukasirika.

Jumatatu, 1 Aprili

Umechipua! Mche wa nyuma ya tangi, niliodhani umekufa, umetoa jani bichi pembeni ya kijiti kilichokauka. Nimeutazama mpaka nikachelewa kipindi. Nimeamua jambo: nitautunza, na chuo kikifungwa nitampa yule dada aupeleke kwa mama yake. Mti mmoja si kreti, lakini ni mti. Sijamwambia mtu. Nimepunguza maji ya kuoga yawe robo.

Alhamisi, 4 Aprili

Majani manne. Spika amehamisha kitanda chake karibu na dirisha. Anasema harufu ya mapipa ni afadhali.

Jumatano, 10 Aprili

Mvua tangu jana, bila kupumzika. Zamani nilikuwa nasikia mvua kwenye bati na kulala vizuri. Sasa nasikia udongo.

Alhamisi, 11 Aprili

Mhadhiri wa takwimu alikuwa anapiga kelele ili kuishinda mvua, na mvua ilikuwa inaongoza. Yule dada anakaa safu ya mbele. Simu yake ikatetemeka juu ya meza. Akaitazama, akasimama, akaiweka sikioni pale pale mbele ya mhadhiri. Hakusema kitu zaidi ya "Lini?" na "Wewe uko wapi?" na "Usirudi ndani." Akatoka. Daftari lake likabaki wazi, kalamu juu yake.

Watu walianza kunong'ona. Spika alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alisema neno kwa sauti ndogo. "Nadhani ni kwao. Kuna udongo umeshuka."

Nilikaa mpaka kipindi kilipoisha. Ningeweza kusema nilikosa la kufanya. Ukweli ni kwamba niliogopa kusimama, nisije nikaonekana najua kwa nini nimesimama.

Jumapili, 14 Aprili

Hakuna habari. Mpishi alinisogezea kipande cha pili cha mkate bila kuniuliza. Sikuweza kukila kilimani wala chumbani. Ndege wa kahawia amekula chote.

Jumatano, 17 Aprili

Amerudi. Nilimkuta kwenye bomba la nje anasugua tope kwenye viatu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Alhamisi, yakatawanyika kama kuku.

Alianza yeye. Udongo umechukua jiko lote na ukuta mmoja wa banda la mbuzi. Mama yake alikuwa kwa jirani, amekwenda kuazima chumvi.

"Na siku zote husema kuazima ni aibu," akasema. "Aibu ndiyo imemwokoa."

"Pole sana, dada."

"Nimeshapoa."

"Nina neno." Nikasogea karibu na bomba. "Lile tangazo. Sikumaanisha miti. Nilimaanisha matembezi. Kupanda kwa miguu. Miche ya mama yako imekaa kule juu kwa sababu mimi sikusema sentensi moja."

Aliendelea kusugua. "Najua."

"Unajua?"

"Ulikuja na mkate, na mwavuli, na miwani ya jua. Nani anapanda miti amevaa miwani ya jua? Kila mtu anajua, kaka. Mpishi anajua. Spika alitangaza siku ile ile jioni."

Kumbe. Mwezi mzima nimebeba siri ambayo ilikuwa inatembea mbele yangu, tena imevaa kofia yangu.

"Na mlininyamazia?"

"Tulitaka kuona utafika nayo wapi." Alicheka kidogo, kisha cheko likakatika. "Hilo halikuniuma. Miche niliitoa mwenyewe, kwa mikono yangu, na nilikuwa naijua mvua kuliko wewe. Kilichoniuma ni kingine. Siku moja mama alipiga simu, mimi nilikuwa bafuni. Akapokea mwenzangu wa chumba, akaita: 'Mama Kopo, simu yako!' Mama akaniuliza, Mama Kopo ndiye nani? Nikamwambia ni mlezi wa bweni."

Akafunga bomba.

"Wanasema jina lilitoka kwenye dirisha la mapipa," akasema.

Madirisha ya mapipa ni mengi, bweni zima lina upande huo. Nililiona tundu la kupenyea, dogo, la kunitosha.

"Lilitoka kwangu," nikasema.

"Nilitaka ulitamke wewe."

"Nisamehe, dada."

Alivaa kiatu kimoja. "Unataka kusamehewa au unataka kufanya kazi?"

"Vyote viwili."

"Anza na kimoja. Ile miche imesongamana, ikikua itauana. Tukiipunguza sasa, tukaitoa na udongo wake siku ya mawingu, haitajua kama imehama. Kwa mama bado kuna sehemu ya mteremko iliyosimama, nayo iko juu ya nyumba yenyewe. Mvua hazijaisha. Lakini nahitaji makopo. Mengi sana."

"Tutayapata wapi?"

Alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyeuliza jua huwa liko upande gani.

Ijumaa, 19 Aprili

Mapipa, saa ya chai, mbele ya mabweni yote mawili. Nilitaka kwenda alfajiri, kisha nikakumbuka kwamba yule dada alikuwa anakwenda mchana.

Pipa ukiliona kutoka dirishani ni kichekesho. Ukiliinamia, lina kina. Niliingiza mkono mpaka begani. Nilikuwa nimeshika kopo la tatu niliposikia dirisha letu likifunguliwa, na sauti ninayoijua kuliko yangu:

"Baba Kopo amekuja kufanya manunuzi!"

Bweni zima likatoka madirishani. Nikajua sasa ni kwa nini yeye hakuwa anatazama huku wala huku. Si kiburi. Shingo ina njia zake za kukulinda.

Baadaye kidogo Spika akashuka, mikono mfukoni. Alisimama, akanitazama, akakunja mikono ya shati. "Sogea," akasema. "Hilo la chini unaliacha kwa sababu gani?"

Jumatatu, 22 Aprili

Nimekwenda kwa Mkuu kumweleza ukweli kuhusu kupanda na kupanda. Picha yangu imetundikwa ukutani kwake, kwenye fremu, nimekishika kile kifurushi cha plastiki kama kombe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaiangalia picha kwa muda ambao ungetosha kuoga kwa ndoo nzima.

"Kijana," akasema, "picha imeshatundikwa."

"Ndiyo, Mkuu."

"Nenda kasome."

Ila toroli la jikoni, na lori linalotuletea chakula, ametukubalia kwa Jumamosi.

Jumanne, 23 Aprili

Nimebandika tangazo jipya. JUMAMOSI TUNAPANDA MITI, KWA MAJEMBE, KWENYE MTEREMKO WA MAMA WA MWENZETU. MICHE IPO. NJOO NA JEMBE. Spika alilisoma akaongeza chini kwa kalamu yake: MIWANI YA JUA HAIRUHUSIWI.

Ijumaa, 26 Aprili

Mawingu ya siku nzima. Tumepunguza miche kilimani, mmoja tunaacha, mmoja tunachukua. Dada alinionyesha: unazungusha koleo pande zote kwanza, unaingiza mikono chini, unainua kama unavyomtoa mtoto aliyelala kitandani. Wa kwanza nilimwaga nusu ya udongo wake. Baadaye mikono ikaanza kuelewa. Kilima kimebaki na nafasi, na kwa kweli sasa kinapendeza zaidi.

Jumamosi, 27 Aprili

Tumekwenda watu wengi kuliko nilivyotarajia. Mpishi alikuja na koleo lake. Mimi nilipakata kopo langu la nyuma ya tangi, nimelifunika kwa kitambaa. Mche wake una kimo cha goti sasa, majani mapana, shina nono. Sikumwonyesha mtu. Nilitaka yule dada auone mbele ya mama yake.

Mama yake ni mwanamke mfupi, mwenye macho yasiyo na haraka. Mahali pa jiko pamebaki tope na ncha ya bati. Tulimwamkia mmoja mmoja. Aliponifikia aliuliza, "Na huyu?"

"Huyu ndiye Baba Kopo, mama," akasema Spika, kabla Mungu mwenyewe hajajibu.

Mama aliyatazama makopo yote yaliyopangwa kwenye lori. Akamtazama binti yake. Akanitazama mimi, sana.

"Ahaa," akasema. "Sikujua kwamba chuoni siku hizi mnafundishwa hata kupeana majina."

Nilitazama viatu vyangu. Nilivitazama mpaka nikavikariri. Alipoona nimetosheka na aibu, akanipa jembe.

Tulipanda mpaka mchana. Mteremko ni mkali, kwa hiyo tulikuwa tunapanda huku tunapanda, na utani huo ulifanywa na kila mtu kwa zamu, nami nikaucheka kila mara. Tuliacha nafasi kati ya mche na mche. Juu ya nyumba sasa kuna mstari, kisha mstari mwingine, na udongo umekanyagwa vizuri. Mvua nyepesi ilikuja, ikaondoka, hakikuteremka kitu.

Mwishoni nikaleta kopo langu. Nilimwambia mama habari yake yote, pakiti, mizizi iliyokatika, tangi, maji ya kuoga. Nikamwomba niupande karibu na mlango wake, uwe wa kwanza kumkumbusha kwamba kuna mtu ana deni la adabu. Watu wakaacha majembe, wakasogea kusikiliza. Spika pia.

Mama aliupokea kwa mikono miwili. Akakata jani, akalisugua kwa vidole, akalinusa. Akaangalia kijiti kilichokauka pembeni, kisha akaangalia shina nono. Akamwonyesha binti yake. Binti yake akageuka haraka, akashika mdomo.

"Mwanangu," mama akasema kwa upole, "mche wako ulikufa zamani. Hili ni gugu."

Akaling'oa, akalitupa upande wa banda. Mbuzi wakalinusa, wakapita.